Ukilala safari kwenye mji mgumu: ushauri kwa marubani na wahudumu wa ndege

Nikipangwa na vijana wapya kwenye safari ya kulala mji wenye sifa mbaya, swali la kwanza huwa lilelile: "Dada, huko kuna usalama?" Mimi silipendi swali hilo. Mji wa watu milioni kadhaa una mitaa ya kila aina, na wenyeji wake wanakwenda kazini na kurudi kila siku. Afadhali waniulize sisi tunaonekanaje pale. Mfanyakazi wa ndege ana udhaifu ambao mtalii hana: anatabirika. Saa ya kutua inajulikana na yeyote mwenye simu, basi ni lilelile, hoteli ni ileile tangu mkataba uliposainiwa, na sare inatangaza kwamba mkobani kuna pasipoti, fedha za kigeni na simu nzuri. Anayetutaka hana haja ya kutufuatilia. Anatusubiri tu.

Wanaodhani natia chumvi nawakumbusha Beirut. Agosti 2013 watu wenye silaha walilisimamisha basi lililokuwa likiwatoa wafanyakazi wa Turkish Airlines uwanja wa ndege kwenda hotelini. Walimchukua rubani na rubani msaidizi, wengine wakawaacha. Watekaji walikuwa na ugomvi wao: walitaka Uturuki ishinikize mahujaji wa Lebanon waliokuwa wameshikiliwa nchini Syria waachiwe. Marubani wale hawakuhusika kwa lolote. Uraia wao na ratiba yao vilitosha. Walikuja kuachiwa Oktoba.

Ndiyo maana safari ya kutoka uwanjani kwenda hotelini naipa uzito kuliko kitu kingine chochote. Kabla ya kushuka kwenye ndege, vaa koti la kawaida juu ya sare, beji iingie ndani ya nguo, na lebo za mizigo zenye nembo ya kampuni zigeuzwe. Nje, usipande gari kwa sababu tu dereva ameshika karatasi yenye jina la shirika. Karatasi hata mimi naweza kuiandika. Jina la dereva na namba ya gari vitoke kwa mwakilishi wa shirika letu pale uwanjani, na visipolingana, rudini ndani mpige simu. Mtachelewa kulala nusu saa, basi. Mkishapanda, fungeni mapazia, na angalau mtu mmoja abaki macho. Gari likiacha njia ya kawaida, aulize palepale, kwa sauti ambayo wenzake wataisikia.

Mapokezi ya hoteli ni sehemu nyingine ambapo watu hulegea, kwa kuwa safari imekwisha na kila mtu anawaza kitanda. Ukumbi una masofa, na kwenye masofa wamo watu usiowajua. Mpokeaji akitaja namba ya chumba changu kwa sauti, namrudishia kadi na kuomba chumba kingine, aiandike namba kwenye karatasi. Wengine huniona mkorofi. Sawa tu. Kuna siku bwana mmoja aliyevaa vizuri, mcheshi kabisa, alitusogelea kwenye lifti akauliza kama tunaondoka na ile ya asubuhi au ya jioni. Kijana wetu mmoja alikuwa ameshafungua mdomo kumjibu, msimamizi wake akamkatiza: "Sisi tumekuja kwenye semina." Tukashuka ghorofa ambayo haikuwa yetu, tukapanda ngazi. Huenda bwana yule alitaka mazungumzo tu. Hatukupoteza kitu kwa kutomjibu.

Omba chumba kati ya ghorofa ya tatu na ya sita. Chini ya hapo mtu anaweza kuingia kwa dirisha. Juu sana, ngazi za magari ya zimamoto huenda zisikufikie. Mkifika, ingieni vyumbani wawili wawili. Mwenzako anasimama mlangoni, begi likiwa limeuzuia mlango usijifunge, na wewe unakagua bafuni, kabatini, nyuma ya mapazia, roshani, pamoja na ule mlango wa pembeni unaounganisha vyumba, ambao mara nyingi hausukumwi na mtu. Usukume. Ukishajiridhisha, toka tena koridoni uhesabu milango kutoka kwako hadi ngazi za dharura, kisha usukume na mlango wa ngazi uone kama unafunguka. Moshi ukijaa taa hazionekani, na utatambaa ukipapasa ukuta. Idadi ya milango ndiyo itakayokuongoza.

Hoteli kubwa yenye walinzi getini si ngome. Novemba 2015, hoteli ya Radisson Blu ya Bamako, Mali, ilivamiwa asubuhi na watu wenye silaha, na wafanyakazi 12 wa Air France walikuwamo. Waliokolewa. Januari 2018, hoteli ya Intercontinental ya Kabul ilishambuliwa usiku na mapigano yakaendelea hadi siku ya pili. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo marubani na wafanyakazi wa shirika la Kam Air. Kuna wageni waliojaribu kushuka kwenye roshani kwa mashuka yaliyofungwa pamoja. Kitasa cha kadi hufunguliwa na kadi nyingine, kwa hiyo mimi hubeba kabari ya mpira ya kuzuia mlango. Ikipigwa chini ya mlango kutoka ndani, hata mwenye funguo zote za hoteli atapata kazi. Viatu na tochi vinakaa kando ya kitanda. Pasipoti na simu kwenye mkoba mdogo ninaoweza kuunyakua gizani.

Sasa usingizi. Watu huuweka kwenye mambo ya afya, mimi nauweka kwenye usalama. Mwili uko chini kabisa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, kwa saa ulizozizoea, hata kama nje ya dirisha jua linawaka. Ukiruka kanda saba za saa, akili yako inaweza kuwa kwenye saa hizo wakati wa chakula cha mchana cha wenyeji. Mtu wa namna hiyo hukubali teksi ambayo akiwa macho angeikataa, na huacha simu juu ya meza ya baraza. Kwa hiyo lala kwanza, mji uje baadaye. Kama umelala vibaya, kula hotelini na usimwonee mtu haya.

Ukitoka, tokeni wawili au zaidi, na mmoja aliyebaki ajue mmekwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Beba pochi ya pili yenye noti kidogo na kadi iliyokwisha muda. Akitokea mtu na kisu, mpe hiyo bila ubishi. Kitambulisho cha kazi kibaki hotelini. Gari liitwe na hoteli, au tumieni programu inayoonyesha namba ya gari, na namba hiyo isomwe kabla mlango haujafunguliwa. Picha zote ziwekwe mtandaoni mkisharudi nyumbani. Hili la picha linanichosha kulirudia: mtu anaficha sare, halafu anaweka picha ya bwawa la hoteli yenye jina la mahali.

Kwenye vinywaji, glasi ikikutoka mkononi imekwisha, agiza nyingine. Colombia kuna dawa iitwayo skopolamini ambayo ikiwekwa kwenye kinywaji humfanya mtu awe mtiifu na asikumbuke kitu. Januari 2024 ubalozi wa Marekani huko ulitahadharisha baada ya Wamarekani wanane kufa katika mazingira ya kutatanisha jijini Medellín ndani ya miezi miwili, baadhi ya vifo hivyo vikihusishwa na programu za kutafuta wachumba. Novemba 2024 watalii sita walikufa baada ya kunywa huko Vang Vieng, nchini Laos, kwa kinachoshukiwa kuwa pombe yenye methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu. Methanoli huwezi kuitambua kwa ladha. Bia iliyofunguliwa mbele yako ni salama kuliko pombe kali iliyochanganywa nyuma ya kaunta. Na kumbuka kipimo cha kazini: Uingereza mfanyakazi wa ndege anaruhusiwa miligramu 20 za kilevi katika mililita 100 za damu, wakati dereva wa gari England anaruhusiwa 80. Chupa mbili za usiku zinaweza kukutoa kazini asubuhi.

Dawa nazo zina kesi zake. Falme za Kiarabu hazitaki dawa za maumivu kama kodeini na tramadol bila kibali. Japani huzuia baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoefedrini nyingi. Acha dawa kwenye pakiti yake pamoja na cheti cha daktari, na soma sheria za kila nchi utakayogusa, hata ile ya kubadilisha ndege tu. Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 ni cha maisha.

Malaria ndiyo inayosahaulika, kwa sababu haiji ukiwa safarini. Mbu wake huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, saa zilezile tunazosubiri basi nje ya hoteli, kwa hiyo mikono mirefu na dawa ya kufukuza mbu hata kama ni usiku mmoja tu. Dawa ya kinga upewe na daktari wa anga, yule anayehusika na afya ya wanaoruka. Meflokwini, kwa mfano, haimfai anayeruka, kwa sababu ya kizunguzungu na matatizo ya akili inayoweza kuleta. Homa huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa, wakati mwingine wiki kadhaa, na wakati huo umeshapita nchi nyingine tatu. Daktari wa mji usio na malaria atakuandikia dawa ya mafua. Usingoje akuulize ulikotoka: mtajie miji na tarehe, na uombe damu ipimwe siku hiyohiyo.