Jibu: Eagles wa 1972 na wa 1976 ni bendi moja?

Mambo mkuu, umeuliza kama Eagles, wale wa Marekani, ni bendi moja miaka yote miwili maana albamu ya kwanza ina kantri kibao halafu ya 1976 ni roki. Ni walewale, ila cheki kwanza nani yuko kwenye gitaa. Bernie Leadon ndo alikuwa na ladha ya kantri, mi nilishtuka nilivyovaa hedifoni nikaisikia banjo yake inakimbia kwa nyuma kwenye wimbo wa Take It Easy wa albamu ya kwanza. Alisepa 1975 akaingia Joe Walsh, huyo ni roki tupu. Na usichanganye wapiga besi, Randy Meisner alipotoka bendi nyingine, Poco, kabla ya Eagles, nafasi yake alichukua Timothy B. Schmit, 1977 Meisner akatoka Eagles, akaingia nani? Schmit tena 😂