Risasi zinazoangukia chini kushoto
Kaka, umeuliza kama kozi ya siku mbili itatosha, maana risasi za bastola yako zinaangukia chini kushoto ya shabaha. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mara nyingi hapo unaushtukia mlio kabla haujalia, mkono unainama. Mwalimu atakuonyesha kosa. Kuliondoa ni kazi ya nyumbani. Mimi nilijifungia chumbani huku Ngamiani: bastola tupu, chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, nimeikagua mara mbili, risasi zote chumba kingine, mtutu umeelekea ukuta mnene. Weka sarafu ya shilingi mia juu ya bastola, karibu na kinundu cha mbele cha kulengea, kisha vuta kifyatulio polepole. Ikidondoka, umevuta kwa pupa. Dakika 10 kila jioni, mwezi mzima. Na kidole, tafadhali sana, kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umeamua kufyatua.