Je, damu ya kundi O inamkinga mtu na virusi?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mume wangu ana damu ya kundi O, na tangu ndugu yake apatikane na virusi vya UKIMWI anashikilia kwamba damu ya O ni ngumu, virusi haviingii, kwa hiyo hana haja ya kupima. Mimi nina mashaka. Tena mtoto wetu wa pili ni SS, yaani ana ugonjwa wa selimundu, na mwaka jana damu yake ilipungua ghafla hadi akaongezewa. Mganga alisema kuna kirusi kilichosimamisha utengenezaji wa damu. Virusi huchaguaje mahali pa kuingia?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, una haki ya kuwa na mashaka. Kuwa na kundi O maana yake ni kwamba juu ya chembe zako nyekundu hakuna alama ya A wala ya B, basi. Virusi vya UKIMWI havitafuti alama hizo, wala havina shughuli na chembe nyekundu. Damu iliyozuiwa isigande ikiachwa itulie katika kichupa cha maabara, hujipanga yenyewe: nyekundu chini, maji ya manjano juu, na katikati utando mweupe mwembamba kama malai ya maziwa yaliyopoa. Katika utando huo ndimo zilimo chembe nyeupe, na baadhi yake zina kipokezi kiitwacho CD4, ambacho ndicho virusi hivi vinakitafuta.

Kipokezi ni protini iliyochomoza juu ya ngozi ya seli, nayo ina kazi yake halali: CD4 huisaidia chembe nyeupe kusikilizana na seli nyingine zinazoionyesha vipande vya vijidudu. Kirusi kinajifungia hapohapo, kama boti ya kutoka Goma inavyofunga kwenye gati letu. Kamba ya kwanza ni protini ya kirusi, gp120, inayonasa CD4. Hapo inageuka umbo na kuiachia nafasi kamba ya pili, ambayo hunasa kipokezi kingine, mara nyingi CCR5, na wakati mwingine CXCR4. Kamba mbili zikishakaza, protini nyingine, gp41, inachoma ngozi ya seli na kuvuta kuta mbili hadi zinaungana, na mzigo wa kirusi unamwagikia ndani. CD4 ilitambuliwa mwaka 1984, lakini kamba ya pili ilisubiri hadi 1996, na mwaka huohuo ikajulikana kwamba watu wachache, hasa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, huzaliwa bila CCR5 inayofanya kazi, hivyo aina ya kawaida ya kirusi haipati pa kufunga. Katika Afrika hali hiyo ni adimu mno, na haina uhusiano wowote na kundi O.

Mume wako na afikirie jambo moja. Damu ya O hupewa wagonjwa wengi kuliko nyingine, na bado kila mfuko wake unapaswa kupimwa virusi vya UKIMWI kabla ya kumfikia mgonjwa. Ingekuwa damu hiyo haiingiliki, nani angehangaika kuipima?

Sasa mtoto. Kwa maelezo yako, yaelekea mganga alikuwa akizungumzia parvovirusi B19. Hiki chenyewe hufunga kwenye alama ya P, ambayo karibu watu wote wanayo juu ya chembe nyekundu. Hata hivyo, chembe nyekundu iliyokomaa imekwisha kutupa kiini chake, na kirusi kikiingia humo hakipati chombo cha kujizalisha. Ndiyo maana kinashambulia chembe changa ndani ya uboho, ambazo bado zina kiini. Kwa siku kadhaa uboho hautoi chembe mpya. Mwenye afya hagundui, kwa sababu chembe zake huishi siku kama 120. Za mtoto wa SS huishi siku 10 hadi 20 tu, hivyo akiba inakwisha upesi na mtoto anapauka mbele ya macho yako.

Kwa haki niongeze kwamba wapo watu wasio na alama ya P kabisa, nao kirusi hiki hakiwaingii. Kumbe kundi la damu kweli laweza kumkinga mtu, ila ni kundi jingine, adimu sana, na dhidi ya kirusi kingine.

Aliyekwisha kuugua parvovirusi kwa kawaida haugui tena. Ikiwa mmoja wa watoto wako wengine pia ni SS, mwangalie kwa karibu kila ugonjwa huo unapozuka shuleni au nyumbani, kwa kuwa husambaa kwa kikohozi na mafua. Ukiona viganja na midomo vimepauka, naye anahema akitembea kidogo tu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.