Maswali ya wasomaji: kamstari ka ubavuni mwa samaki, mende na ndala, na sharubu za sili

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama lishe hapa Mwanza, kila siku napara sato, siku nyingine sangara, na siku zote naona kamstari ka vidoti ubavuni. Kwa sato kamekatika, kipande cha mbele kiko juu na cha nyuma kiko chini, ila kwa sangara kanaenda moja kwa moja mpaka kwenye mkia. Mume wangu anasema ni kama mshono tu, mwanangu wa darasa la sita anasema ni masikio. Nani kapatia?
Mama Lishe, Mwanza

JIBU: Mama, mwanao kakaribia sana, mpe hongera yake. Na wewe una jicho zuri, maana huko kukatika kwa mstari wa sato ni kitu ambacho wataalamu wa samaki wanakitumia kabisa kutambua jamii yake.

Kesho ukipara, chukua gamba moja la kwenye huo mstari ulinyanyue kwenye mwanga, utaona kana kamrija kametoboka. Hiyo mirija ikipangana gamba kwa gamba inakuwa mfereji mmoja mrefu chini ya ngozi, umejaa majimaji, na una vitundu vya kutokea nje. Ndani ya mfereji, kati ya kitundu na kitundu, kuna kifungu cha seli zenye vinyweleo vidogo mno, vimevikwa ute mzito kama jeli. Sasa samaki mwingine akipita karibu anasukuma maji, msukumo kwenye kitundu hiki unakuwa mkubwa kuliko kwenye kile cha pili, majimaji ya ndani yanasogea, ute unainama, vinyweleo vinapinda, na neva inapeleka habari kichwani. Basi, kazi yote ni kunywelea kupinda, hakuna kingine.

Alafu kuna vifungu vingine viko nje kwenye ngozi, havina mfereji. Hapa ndipo mimi huwa nashangaa kila nikisoma, kwa sababu vile vya nje vinahisi mwendo wenyewe wa maji, vya ndani ya mfereji vinahisi maji yanapobadilika ghafla, kwa hiyo samaki aliye kwenye mto unaokwenda kasi hachanganywi na mkondo wa kila siku, bado anamhisi mdudu anayechezacheza pembeni yake. Umbali wake si mkubwa lakini, ni kama urefu wa mwili wake mara moja au mbili hivi.

Zamani wasomi wa Ulaya walidhani ni mifereji ya kutoa utelezi tu. Baadaye majaribio yakawaonyesha vingine. Mwaka 1976 watafiti huko Uingereza waliwafunika macho samaki wanaoishi kwa makundi, wakawarudisha na wenzao, na wakaendelea kuogelea na kundi vizuri tu, ila aliyezibwa macho na kukatwa neva ya huo mstari alishindwa. Kuna samaki wa mapangoni Mexico hawana macho kabisa na hawagongi ukuta. Na hapa kwetu Ziwa Nyasa kuna ndugu wa sato, jamii ya Aulonocara, mifereji yao ya kichwani imepanuka sana, wanaelea juu kidogo ya mchanga wametulia tuli, wakihisi mdudu anajitikisa chini ya mchanga wanampiga mdomo hapohapo. Hawajamuona, wamemhisi.

Kuhusu masikio sasa. Seli hizo zenye vinyweleo ni za aina ileile iliyoko ndani ya sikio lako, sauti ikiingia vinapinda, unasikia. Tofauti ni kwamba za samaki zikifa zinaota tena ndani ya siku chache, zetu zikifa ndiyo basi. Dawa kama streptomycin na gentamicin zinaweza kuziua, kwetu na kwa samaki, ndiyo maana kuna watu walitibiwa TB kwa sindano wakapona kifua wakabaki na masikio yanayovuma au uziwi. Na ndiyo maana maabara nyingi zinatumia visamaki vidogo, zebrafish, kutafuta namna ya kuzilinda au kuziotesha upya, kwa kuwa kwa samaki ziko nje kwenye ngozi unaziona kwa hadubini bila kumpasua. Hii kazi naiombea ifanikiwe kwa moyo wote.

SWALI: Hivi mende anajuaje kwamba ndala inakuja? Nampiga kwa nyuma, gizani, na bado anakimbia kabla haijafika.
Kijana wa Tandika, Dar es Salaam

JIBU: Hajaona ndala, kahisi upepo wake. Mtazame mende nyuma kabisa, ana vipembe viwili vimechomoza, vina nywele nyembamba mno ambazo hewa ikisogea kidogo tu zinapinda. Kila safu ya nywele inapinda vizuri kwa upande wake, kwa hiyo anajua na hatari imetokea wapi, na habari inapita kwenye neva nene za haraka hadi kwenye miguu. Anaanza kugeuka chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, hapo hujamaliza kupepesa jicho. Huo ujuzi ulitengenezwa kwa ajili ya ulimi wa chura, siyo ndala yako. Ndala pana inasukuma hewa nyingi mbele yake, yaani inampigia honi, jaribu kitu chenye matundu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo cha ufundi, nataka mradi wa sensa (kifaa cha kuhisi) inayoiga wanyama, ya maji au upepo. Kuna watu wameshafanya? Mimi naweza kwa vifaa vya hapa?
Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Wameshafanya na bado wanafanya. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, timu ya Chang Liu ilitengeneza vinywele bandia juu ya vipande vya silikoni, na mwaka 2006 walionyesha safu yake inaweza kujua kitu kinachotikisa maji kiko wapi. Twente, Uholanzi, kundi la Gijs Krijnen wameiga nywele za nyenje kwa ajili ya hewa. Tallinn, Estonia, Maarja Kruusmaa na wenzake walikuwa na samaki roboti mwenye sensa za msukumo mwilini, anayapima maji yanayompitia na kujirekebisha mwenyewe.

Ila mimi ningekushauri umfuate sili, yule mnyama wa baharini mwenye sharubu anayewinda samaki. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani, akina Guido Dehnhardt, walimziba sili macho na masikio, wakapitisha nyambizi ndogo majini, akaifuata njia yake kwa sharubu tu. Sasa jiulize, umewahi kuchovya fimbo majini mtumbwi ukiwa unakwenda? Inatetemeka mkononi, kwa sababu maji yanajizungusha nyuma yake kushoto kulia. Sharubu za sili zingetetemeka hivyo asingehisi kitu kingine. Kumbe siyo za duara, ni bapa na zina mawimbi, nene nyembamba nene nyembamba, basi mtetemo unapungua sana na anabaki kuhisi maji ya mwingine. Chuo cha MIT, Marekani, walitengeneza sharubu bandia za umbo hilo na zikafanya kazi.

Vifaa: ndani ya mzani wa kidijitali wa jikoni kuna kipande cha chuma chenye vibandiko vinavyopima kupinda. Kitoe, chukua na HX711 (bodi ndogo ya kusoma vibandiko hivyo) na Arduino (kompyuta ndogo ya kupokea namba zake), funga kijiti chembamba kwenye ncha, kichovye kwenye mfereji wa maji. Kumbuka mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka kama mara nne, usije ukadhani mashine imeharibika. HX711 inasoma mara 10 kwa sekunde, kuna pini ya kuipandisha hadi 80, ipandishe, la sivyo mtetemo hutauona. Alafu chonga vijiti viwili vya mti urefu uleule, kimoja cha duara, kingine bapa chenye mawimbi kama sharubu, uvipitishe kwenye maji yaleyale uone kipi kinatulia.