Hii hati ni ya nani?

Tulikuwa watafiti watano kutoka taasisi tatu, tukiandika makala moja. Rasimu tuliiweka Google Docs, kila mtu akapewa ruhusa ya kuhariri, na kwa miezi minne kazi ikaenda vizuri. Kisha mkataba wa mwenzetu aliyeianzisha hati ukaisha. Taasisi yake ikafuta akaunti yake ya kazini, na asubuhi moja kiungo kikagoma kufunguka. Kilichotuokoa ni nakala niliyokuwa nimeipakua wiki tatu nyuma ili niisome safarini. Bahati tu, wala si busara.

Tangu hapo, kabla hatujagusa mada, nauliza: hii hati ni ya nani? Faili iliyoanzishwa kwa akaunti ya kazini kwa kawaida hufutwa pamoja na akaunti hiyo, isipokuwa umiliki wake uhamishiwe mtu mwingine mapema. Tena mara nyingi mifumo ya taasisi hairuhusu umiliki utoke nje ya taasisi yenyewe. Mkikwama hapo, mmoja wenu awe anapakua nakala kila Ijumaa. Inachosha, najua.

Halafu pendekezeni mabadiliko, msifute maneno ya mwenzenu moja kwa moja. Historia ya matoleo itakuonyesha nani aliondoa aya ipi na saa ngapi, ila haitakuambia kwa nini, na ugomvi wa waandishi karibu wote uko kwenye hiyo “kwa nini”. Iandikeni kwenye maoni ya pembeni. Majibizano yakirefuka, pigianeni simu; nimewahi kuona watu wazima wakivutana siku tisa juu ya neno moja.

Marejeo tunayaweka kwenye maktaba ya kikundi ya Zotero, programu ya kutunza marejeo, na ni mwiko kuyabandika kwa mkono. Majina na taarifa za washiriki wa utafiti hazikanyagi hati hii kabisa.

Ukurasa wa kwanza wa rasimu zetu siku hizi ni jedwali: nani ana kauli ya mwisho kwa sehemu ipi, na nani anafanya nini kwa kufuata majukumu 14 ya CRediT, orodha sanifu ya michango ya waandishi wa makala za kitaaluma. Tunalijaza kabla ya sentensi ya kwanza, wakati bado tunapendana. Yule mwenzetu aliyefutiwa akaunti bado yumo, safari hii kwa baruapepe yake binafsi.