Kuhamisha Mchoro Kitambaani Kabla ya Kutarizi

Wanaoanza kutarizi hushughulishwa sana na mishono na rangi za nyuzi, ilhali kazi nyingi ninazoletewa nizirekebishe huwa zimeharibika kabla sindano haijaingia kitambaani. Maua yamekaa upande, au mistari imechorwa kwa wino usiotoka hata ukisugua vipi. Ndiyo maana swali la kwanza ninalompa mwanafunzi si jinsi mchoro utakavyoingia kwenye kitambaa, bali jinsi utakavyotoka, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua kama atashika penseli, karatasi ya kaboni, kalamu ya kufutika au kitu kingine.

Kitambaa chenyewe kinadai maandalizi. Pamba mpya, na hasa marekani, hurudi ikifuliwa, na mishono iliyokwisha kukazwa hairudi nayo, ndipo kitambaa kinapojikunja kuzunguka ua zuri ulilolihangaikia. Kifue, kikaushe na ukipige pasi kwanza. Usiamini ukingo uliokatwa dukani, kwani mara nyingi mkasi umekwenda mshazari. Vuta uzi mmoja wa mshindio, yaani ule unaokatiza upana wa kitambaa, mpaka utoke, nafasi utakayoiona ndiyo mstari wako ulionyooka. Kisha kunja kitambaa sehemu nne sawa ili upate kati, ukunje na karatasi ya mchoro vivyo hivyo, na uoanishe mikunjo hiyo.

Kwa shuka na foronya nyeupe, ambazo ndizo kazi kubwa ya msimu wa harusi, hakuna haja ya kununua kifaa chochote. Bandika mchoro kwenye kioo cha dirisha wakati wa mchana, bandika kitambaa juu yake, na ufuatishe mistari kwa penseli ngumu ya H au 2H, kwa mkono mwepesi. Penseli laini, mfano 2B, huacha vumbi jeusi ambalo uzi hulizoa kila unapopita, na uzi mweupe ukaishia kuwa wa kijivu.

Kaboni ni ya haraka zaidi, lakini tofautisha ile ya ofisini na ile ya mafundi cherehani. Ya ofisini ina mafuta na nta, huchafua kitambaa kila kiganja kinapoegemea, na alama yake ni ngumu kutoka. Ya mafundi hupatikana kwa rangi kadhaa. Chagua iliyo karibu na rangi ya kitambaa kadiri jicho linavyoweza kuvumilia. Weka upande wa rangi uelekee kitambaa, mchoro juu, kisha fuatisha kwa kalamu iliyokwisha wino. Pini zikae upande wa juu tu, ili uweze kuinua pembe ya chini na kuhakikisha kwamba hakuna jani lililorukwa, kwa sababu ukishaondoa karatasi yote kuirudisha mahali pake ni shida.

Kalamu za kufutika zinapendwa sana siku hizi na sizipingi, ila kila aina ina masharti yake. Ile ya buluu inayotoka kwa maji baridi isikutane na pasi wala jua kali kabla haijasuuzwa, kwa maana joto huweza kuikausha ikaganda humo moja kwa moja. Ile ya zambarau inayopotea yenyewe hewani haifai kwa kazi ya siku nyingi, hasa huku pwani ambako unyevu huiharakisha. Zipo pia zinazofutika kwa joto la pasi, ambazo alama zake huweza kurudi kitambaa kikipata baridi kali. Anayetuma kazi kwa jamaa walioko Ulaya au Kanada akumbuke jambo hilo. Yoyote utakayoichagua, ijaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kile kile.

Kwa vitambaa vya giza kama kaniki, kipembe cha sabuni ya kuogea iliyokaribia kwisha huchora mstari mweupe ulio safi na hutoka kwa maji. Mahameli haichoreki, chora kwenye karatasi nyembamba, ipigie bandi, yaani mishono mirefu ya muda, juu ya kitambaa, tarizi ukipitia karatasi, kisha ichane taratibu.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya zamani, nayo inafaa mchoro unaojirudia, kama ule wa kofia za viua. Toboa mistari ya karatasi kwa sindano, tundu zikiachana milimita 1 hadi 2, halafu sugua nyuma yake kwa msasa laini ili kingo zilizotuna zisizibe tundu. Jaza kifuko cha kitambaa unga wa mkaa, au unga wa chaki kama kitambaa ni cheusi, ukigonge juu ya karatasi bila kusugua, inua karatasi wima, kisha unganisha nukta kwa penseli. Karatasi moja inatumika mara nyingi sana. Lakini hesabu itangulie: ukanda wa kofia wenye mzunguko wa sentimita 56 unapokea ua la sentimita 7 mara 8 kamili, na kichwa cha sentimita 58 kinataka ua la sentimita 7.25. Tofauti hiyo irekebishwe kwenye karatasi. Anayetumaini kuibania kwenye kitambaa hukuta ua la mwisho limekatika palipo na maungio, na maungio ya kofia hayafichiki.

Mchoro ukishakaa, mazoea ndiyo yanayoulinda. Nawa mikono na uikaushe vizuri, na usipake mafuta kabla ya kushika kazi. Katisha uzi usizidi sentimita 45 hivi, maana mrefu huchakaa kwa kupita kitambaani na hupiga mafundo. Uzi mwekundu na wa buluu iliyokoza uloweshe na uubane kwenye kitambaa cheupe uone kama unachuja. Mwanga utoke kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, na macho yapumzishwe mara kwa mara kwa kutazama mbali. Fremu inayokaza kitambaa ivuliwe kila unapoacha kazi, kwani alama yake ya mviringo ikikaa siku nyingi haikubali kunyooka. Na sindano, tafadhali, usiichomeke kwenye kitambaa ukaiacha usiku kucha; hewa ya chumvi huku kwetu huleta kutu upesi, na doa la kutu ni gumu kuliko wino wowote niliotaja hapo juu.

Kazi ikiisha, isuuze kwanza kwa maji baridi matupu mpaka alama za kalamu zitoke, ndipo utie sabuni laini. Usiikamue kwa kuinyonga. Izungushe ndani ya taulo ulibonyeze. Ikiwa bado ina unyevu kidogo, ilaze kifudifudi juu ya taulo nene na upige pasi upande wa nyuma, ili mishono izame kwenye taulo badala ya kubonyea.