Sanamu ya wima mbele ya jengo la pwani

SWALI: Mimi ni mchongaji, niko Mombasa. Nimepewa kazi ya sanamu ya kisasa ya wima mbele ya jengo jeupe la ghorofa sita, karibu na bahari. Mteja anataka mita 12, chuma chenye kutu ya kahawia kama alivyoona pichani. Kutoka getini hadi itakaposimama ni mita 18. Unashauri nini?

JIBU: Ndugu yangu, urefu upunguze kwanza. Ili mtu akione kitu chote kwa mtazamo mmoja, awe mbali nacho kama mara mbili ya urefu wake. Kwa mita 18 zako, sanamu ni mita 9. Tena kuna upepo. Ukivuma mita 40 kwa sekunde, husukuma kila mita ya mraba kwa kilonyutoni 1 hivi (kama uzito wa kilo 100), na umbo la kona kali huongeza msukumo hadi karibu mara mbili. Nguzo ya upana wa sentimita 60 na kimo cha mita 9 itaulemea msingi kwa kilonyutoni-mita 49 hivi, yaani nguvu ya kuipindua mara umbali wake kutoka chini. Ya mita 12, karibu 86. Hesabu kamili aipige mhandisi wa miundo.

Hiyo kutu achana nayo. Sanamu ya Picasso pale Chicago, ya mwaka 1967, imepatana sana na jengo la Daley Center nyuma yake kwa sababu vyote viwili ni chuma cha Corten, kile kinachoachwa kipate kutu ya juu inayotulia na kukilinda. Lakini kwako kuna bahari: chumvi haiachi kutu ile itulie, inaendelea kula chuma, na michirizi yake itachafua ukuta mweupe. Tumia stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya daraja la 316, si 304, maana 316 ina molibdeni, metali inayoisaidia kustahimili chumvi. Hata hiyo hutoka madoa ya rangi ya chai ikiachwa na uso wenye mikwaruzo, kwa hiyo isuguliwe laini, mistari iende juu-chini, na ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Boliti nazo ziwe 316. Za chuma cha kawaida zitaliwa upesi zikigusana na stenlesi.

Kuhusu umbo, azima kitu kimoja tu kutoka kwenye jengo. Mimi ningelinganisha maungio ya sanamu na mistari ya sakafu za ghorofa, kisha ningeisokota nguzo, kwa kuwa jengo limenyooka tayari. Msokoto pia huvuruga mizunguko ya upepo inayotikisa nguzo nyembamba.

Kabla hujakata bati lolote, simamisha mlingoti wa mita 9 pale pale, mteja autazame akiwa getini. Akishikilia 12, mpe bei ya kujenga msingi wake.